Mbingu Niliyoikata kwa Mkasi

Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukitengeneza picha za karatasi pale Mikindani, na mmoja wenu ameongeza chini ya barua kwa kalamu nyekundu: "Tafadhali anza na historia ya sanaa hii." Siijui. Nilisoma historia chuo kikuu miaka mitatu na bado siijui historia ya kubandika karatasi. Ninachokijua ni gundi, unyevu, na watu wawili niliofanya nao kazi. Nimeiacha kazi nikiwa na miaka thelathini na minane, kwa hiyo mnaponiita mstaafu mnanizeesha kabla ya wakati. Nakubali hata hivyo. Mikono imestaafu, mdomo bado.

Na msiniamini tu kwa sababu nimetangulia. Gundi nitakayowaeleza ipikeni muione wenyewe. Ikiwashinda, mniandikie mnitukane.

Chukua makopa ya muhogo yaliyokauka vizuri, uyatwange, kisha uchekeche unga wake kwa kitambaa chepesi, kipande cha kanga kuukuu kinafaa. Chekecheo la dukani linapitisha chenga, na chenga moja chini ya karatasi itaonekana kama chunusi usoni. Koroga unga kwa maji ya baridi kwanza, ndipo umimine kwenye maji yanayochemka, ukikoroga bila kupumzika mpaka uache weupe na uanze kung'aa kama ute wa yai. Epua. Tia mrututu kidogo sana, kiasi cha kushikika kwa vidole viwili. Mrututu ni sumu, na ndiyo maana tunautia: mende wa Mikindani wanapenda picha kuliko wateja wanavyozipenda.

Mrututu una faida nyingine, kwamba gundi inageuka rangi ya samawati. Kabla sijafika, walikuwa wakiutia asubuhi ya pili, gundi ikishapoa. Siku moja Fundi Mchopa, aliyekuwa akitutengenezea fremu, aliingia na njaa yake, akakuta sufuria, akatia sukari akanywa. Alikunywa bakuli zima. Bi Somoe alipomkuta hakupiga kelele, alimuuliza tu: "Fundi, umeonaje?"

"Uji mzuri," akasema, "ila unashika meno."

"Utashika na mengine. Kesho usipokwenda haja njoo uniambie nikutafutie patasi."

Tangu siku hiyo mrututu ulitiwa gundi ikiwa bado ya moto, na sufuria ile haikuingia jikoni tena.

Hao ndio watu wangu wawili. Bi Somoe alikuwa mwanamke wa Mikindani, mjane, aliyeshona kofia za kiua tangu utotoni mpaka macho yakachoka na vitundu vile vidogo. Mchopa alikuwa Mmakonde wa karibu na Mahurunga, seremala. Walikodi chumba kimoja katika nyumba ya kale ya mawe, na humo walibandika picha za mambo ya pwani: ngoma, mapiko na vinyago vyao usoni, wavuvi, milango, mikorosho. Waliziuza kwa wageni, shule na maofisi. Mimi nilirudi kutoka Dar es Salaam katikati ya miaka ya tisini na shahada isiyoulizwa na mtu, nikafikia kwa shangazi yangu Likombe. Walinichukua niwaandikie maelezo chini ya picha na barua za kwenda maofisini. Baada ya mwezi nilikuwa nimejaa gundi hadi kwenye nyusi.

Nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Bi Somoe hakutumia mkasi, alipasua kwa vidole, na siku ya kwanza tu nilimhoji.

"Kwa nini tusikate kwa mkasi?"

"Kata."

"Lakini nyinyi kwa nini hamkati?"

"Kwa sababu tunapasua."

Mchopa alikuwa mlangoni na randa yake. "Huyu akifa," akasema, "malaika wa kaburini ndio watakaohojiwa."

Jibu nililipata kwa kutazama. Karatasi ina njia yake. Gazeti ukilipasua kwa urefu linakwenda sawa kama uzi, ukilipasua kwa upana linakukimbia. Karatasi yenye rangi upande mmoja, ukiivuta kuja kwako, inaacha ukingo mweupe, na ukingo huo ndio povu la wimbi, ndio mwanga begani mwa mtu. Mkasi hauwezi kukupa hicho. Jambo la pili nililijua kwa kuchelewa sana: vipande viwili vilivyopasuliwa pamoja vinajuana. Utavichanganya na mia vingine, na bado ukingo wa kimoja utaingia kwenye ukingo wa mwenzake na si kwingine. Vilivyokatwa kwa mkasi havijuani. Vyote vina ukingo mmoja.

Rangi tulizitoa tulikoweza. Bahari ilitoka kwenye majalada ya madaftari, tuliyoyaomba shuleni mwisho wa muhula. Ngozi za watu zilitoka kwenye mifuko ya saruji, ambayo ina kahawia za kila namna ukiitafuta, na magamba ya samaki yalitoka kwenye karatasi za fedha za ndani ya pakiti za sigara. Katika miaka ya elfu mbili wateja walianza kutaka twiga. Tulitengeneza twiga wengi, na Wamasai wakiruka, ingawa Bi Somoe hakuwahi kumwona twiga na alimpa shingo kwa kukisia. Nilimuuliza mgeni mmoja kwa nini asichukue picha ya mapiko, jambo la huku. Akasema nyumbani kwake hawatajua ni nini. Bi Somoe alinikanyaga mguu chini ya meza ili ninyamaze.

Sasa niwaambie niliyokuwa nikiyazunguka.

Kwenye ukuta wa chumba chetu kulikuwa na mfuko wa kanga uliotundikwa msumarini. Mnajua desturi: karatasi yenye herufi za Kiarabu haitupwi, haikanyagwi, haifungiwi karanga. Bi Somoe alizikusanya za mtaa mzima, juzuu zilizochanika, kurasa za watoto wa madrasa, kalenda za msikiti, na mara moja kwa mwaka zilichukuliwa zikazikwa mahali pasipopitiwa na watu. Nilimchokoza.

"Na hii iliyofungia tende? Nayo ni takatifu?"

"Unajua imeandikwa nini?"

"Labda bei ya tende."

"Labda. Iweke."

Mimi pia ni Mwislamu na nilisoma madrasa, lakini nilikuwa msomaji wa chapa zenye irabu zote. Mwandiko wa mkono wa haraka, usio na irabu, ulinishinda. Sikumwambia mtu. Ni rahisi kubeza mfuko usioweza kuusoma.

Ofisi moja ya Mtwara mjini ilituagiza picha kubwa ya historia ya Mikindani, upana wa milango miwili, ya kutundikwa kwenye ukumbi wa mikutano. Nilikuwa nimeshaichora. Katikati niliweka msafara wa watumwa, wote nimewakata kwenye karatasi moja nyeusi, umbo moja. Bi Somoe aliutazama.

"Hawa wote mama yao mmoja?"

"Ni alama tu, mama. Wanawakilisha wengi."

"Wengi wana mama wengi. Wabandue."

Niliwabandua, nikamtafutia kila mmoja karatasi yake. Hapo alikuwa sahihi kabisa, na nilijifunza, nikajiona nimejifunza vya kutosha.

Kisha masika yakaja na Bi Somoe akashikwa na homa. Alilala wiki mbili nyumbani kwa kaka yake, Ufukoni, alikoishi tangu afiwe na mumewe. Ofisi ilikuwa inahimiza. Unyevu ulikuwa mwingi hata gundi ya muhogo haikauki, picha inaota ukungu kabla haijafika mlangoni. Nikaona hapa ndipo elimu itumike. Nilinunua gundi nyeupe ya maseremala na kopo la vanishi. Nilichukua mkasi kwa sababu mkasi ni mwepesi. Ikabaki mbingu. Niliitaka mbingu iliyoandikwa, kuonyesha kuwa watu wa pwani hii walisoma na kuandika kabla ya shule zetu. Wazo zuri, hata leo nalitetea. Nikatazama mfuko.

Nataka mlione vizuri kosa langu, kwa maana sikulifanya kwa pupa. Nilijihoji. Nilisema: sitagusa juzuu wala chapa yoyote ya dini, mimi si mwendawazimu. Nikachagua zilizoandikwa kwa mkono tu. Hizi, nikasema, ni mazoezi ya watoto, maneno ya kawaida, hakuna aya ndani yake, kwa hiyo hakuna dhambi. Na kweli hapakuwa na aya. Nilikata kurasa nne au tano vipande vyembamba, nikavipanga tabaka juu ya tabaka, vingine vimelala kifudifudi, nikapaka vanishi mara mbili. Masalio nilitia motoni chini ya sufuria, kama tulivyofanya siku zote na takataka za kazi.

Siku ya kutundika Bi Somoe alikuwa amepona, ila mwembamba. Afisa alikuwa akihutubia. Sisi watatu tulisimama karibu na picha, na nilimwona amesogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa vanishi, midomo inacheza. Nilidhani anakagua kazi. Alisimama hivyo mpaka hotuba ikaisha, akapiga makofi na wengine, akatoka. Nje, chini ya baraza, akaniita.

"Zainabu."

"Naam, mama."

"Mbingu yako umeitoa wapi?"

"Kwenye mfuko. Lakini sikugusa juzuu. Nilichukua zile za watoto, za mkono."

"Ulizisoma?"

Nikatikisa kichwa.

"Ile moja si ya mtoto wa madrasa," akasema. "Ni ya Shaibu."

Shaibu alikuwa mwanawe, wa pekee. Niliwahi kumwona mara moja, kijana mrefu anayecheka na mkono mdomoni. Alikuwa amegombana na mjomba wake, yule kaka mwenye nyumba, akafukuzwa, akavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kama vijana wengi wakati ule. Hakuonekana tena. Kumbe masika yalipoanza msafiri mmoja aliyekuwa akipita kwenda Lindi alileta barua. Shaibu alisoma shule na aliandika herufi zetu hizi vizuri tu, lakini mama yake alisoma za Kiarabu peke yake, kwa hiyo alimwandikia Kiswahili kwa herufi hizo. Alisema ana kidonda mguuni, hakiponi, hawezi kutembea. Yuko ndani, ukishapita mji wa Palma. Akaeleza njia kwa urefu, vijiji vya kupita na jina la mtu aliyemhifadhi. Aje mama na mtu wa kumbeba, mto ukipungua. Na mjomba asiambiwe.

Bi Somoe hakuweza kuiweka barua ile nyumbani kwa kaka yake, kwenye watoto wanane wanaopekua kila kitu. Aliiweka mahali ambapo hakuna mtu wa Mikindani angetia mkono.

"Unakumbuka majina?" nilimuuliza. "Hata moja?"

"Palma nakumbuka. Mengine yalikuwa ya kule, mageni. Niliisoma mara mbili, nikasema itanisubiri."

Mchopa ndiye aliyerudi kwa afisa. Alidanganya kwamba fremu imepinda na itamwangukia mtu, wakatuachia picha kwa siku mbili. Tuliilaza sakafuni tukaitia maji. Kama ningetumia gundi ya muhogo, maji ya vuguvugu yangeibandua yote kwa nusu saa, karatasi ikatoka nzima. Gundi ya seremala haikubali maji ikishakauka, na juu yake vanishi. Tulikwangua kwa kisu. Vipande vilitoka vimevaa ngozi ya vingine. Wino ulikuwa wa bolpeni, ulidumu, lakini unadumu kwenye nini.

Tulipata vipande thelathini na kitu vya barua ile, vya urefu wa kidole. Bi Somoe alivipanga kwenye mkeka siku nzima. Nimeshawaambia vilivyokatwa kwa mkasi havijuani. Alikiweka kimoja kando ya kingine, kikakubali. Akakiondoa, akaweka cha tatu, nacho kikakubali. Alinisomea alichopata. "Assalamu alaikum mama yangu mpenzi." "Mguu." "Usimwambie mjomba." "Ukifika mtoni usi." "Nyumba ya." Baada ya "nyumba ya" palikuwa na ukingo wa mkasi, umenyooka.

"Hapa ulikata vizuri," akasema Bi Somoe. Hakuwa akinikejeli. Alikuwa akitazama kazi, kama fundi.

Mto ulipopungua tulivuka, sisi watatu, kwenye kivuko cha Kilambo. Mchopa alikuwa na jamaa ng'ambo, Wamakonde hawakuulizwa walipochorewa mpaka, akatupatia pa kulala Palma. Tuliuliza sokoni, misikitini, kwa wachoma mkaa, kwa wauza dagaa. Kijana mrefu, mguu unauma, mtu wa Mikindani. Kila mtu alimjua mmoja na hakuwa yeye. Tulikwenda kijiji kimoja, tukarudi, tukaenda kingine. Maulidi yalitukuta huko, Bi Somoe akakaa nyuma ya wanawake wenzake na kila aliyesimama kutoka nje yeye alimtazama usoni. Siku tatu baadaye alipandwa tena na homa na ikabidi tumrudishe. Mchopa alimbeba mgongoni hadi kwenye mtumbwi. Bi Somoe alisema njiani, kwa sauti ndogo, "Haya ndiyo mabega aliyoyaomba mwanangu." Mchopa akampandisha vizuri mgongoni.

Tuliendelea na kazi. Mtauliza, kwa hasira ya ujana wenu, iliwezekanaje. Niliuliza pia. Nilitaka Bi Somoe anifukuze. Siku moja nilimwambia hivyo na akasema, "Nikikufukuza nani atachekecha unga?" Nilirudi kwenye makopa na kitambaa. Mkasi niliupeleka kwa shangazi. Nilijifunza mwandiko wa mkono usio na irabu, yeye mwenyewe akinifundisha jioni kwa vipande vile vya mkeka, kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo. Herufi yangu ya kwanza kuisoma bila msaada ilikuwa ya Shaibu.

Ilipita miaka mitatu, labda minne, ndipo akaja mtu. Bwana Amade, mtu wa makamo, kanzu imefuliwa kwa safari, Kiswahili chake cha ng'ambo. Aliulizia Mikindani nzima nyumba ya mama yake Shaibu mpaka akaelekezwa kwetu kazini. Bi Somoe alikuwa ameketi na mafungu ya karatasi mapajani. Alimtazama mgeni alivyovua kofia, akajua.

"Karibu, baba," akasema. "Kaa kwanza."

Bwana Amade alisema yeye ndiye aliyemhifadhi. Kidonda kilipanda. Alikuwa amekuja Lindi kwa shughuli zake, akaona ni wajibu apite. Akafungua mdomo kuendelea, na Bi Somoe akanyoosha mkono.

"Niambie nani alimwosha. Niambie kaburi liko upande gani wa kijiji. Siku aliyokufa usinitajie, wala mwezi."

Mgeni alishangaa. "Mama, hutaki kujua siku? Hata ya kumsomea?"

"Nitamsomea kila siku. Humu ndani yumo mtu ambaye siku hiyo itamuua bure."

Hakunitazama. Mchopa aliinama akaanza kuokota misumari ambayo haikuwa imeanguka. Bwana Amade alieleza yaliyobaki, taratibu: aliyemwosha, mti ulio karibu na kaburi, jinsi Shaibu alivyowachekesha watoto wa pale hata asipoweza kusimama. Bi Somoe aliuliza kama alikuwa akila. Akaambiwa alikula.

Nilimsindikiza mgeni hadi stendi. Mnanijua kufikia hapa. Maisha yangu yote sikuwahi kuacha swali lipite, na lile nilikuwa nimepewa ruhusa ya kuliacha, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kunipa. Tulipofika kwenye gari nikamuuliza.

"Ilikuwa wiki moja baada ya Maulidi," akasema. Akanitajia mwaka, ndio wenyewe. "Kule kwetu ni mwendo wa siku moja tu kutoka Palma. Alikuwa akisikia kila anayepita njiani, anasema labda ni mama."

Nilirudi kwa miguu. Bi Somoe alikuwa palepale, mafungu ya karatasi mapajani, hajapasua hata moja. Aliniangalia mara moja tu.

"Umemuuliza."

"Nimemuuliza."

Alisawazisha karatasi mapajani. "Mimi nimekufungia mlango, wewe umepita dirishani. Basi kaa nalo mwenyewe. Usiniambie. Hata nikikuomba, usiniambie."

Alifanya kazi miaka mingine mitano. Hakuligusa neno lile, nami sikuligusa. Aliniomba mara moja, kwa kaka yake Ufukoni, wiki ambayo tulijua hatainuka. Wengine walikuwa wametoka. Aliniuliza mwezi gani, kwa upole, kama anayeuliza saa.

Nikamwambia nimesahau.

Alinitazama, mimi niliyekuwa nikimkumbusha kila jina na kila deni la wateja kwa miaka yote ile. Kisha akasema, "Vizuri," akaniomba maji, nikamshika kichwa akanywa.